Tulipoiharakisha Kompyuta ya Baba

Kompyuta ya Baba ilikuwa nzito kiasi kwamba alikuwa amejifunza kufanya kazi nyingine huku akiisubiri. Aliiwasha, akabofya alama ya mtandao, kisha akatoka kwenda kumwongezea ng'ombe majani. Akirudi, ukurasa ulikuwa bado mweupe na kale kaduara kanazunguka tu. Alinawa mikono, akamimina chai, akaja nayo mezani. Mara nyingi chai ilikuwa imeshapoa ndipo barua zikafunguka.

Hakulalamika hata siku moja. Maisha yake yote ya kazi alifundisha shule ya msingi, na miaka ya mwisho akawa mwalimu mkuu. Nadhani kuwasubiri watoto wa darasa la kwanza wamalize kuandika majina yao kulimpa subira ambayo mimi sikuirithi.

Barua zenyewe zilikuwa za Mama.

Kaka yangu mkubwa anaishi Marekani. Mkewe alipojifungua pacha, walimwita Mama aende kuwaona wajukuu. Tulimsindikiza kwa maombi, nguo mpya na unga wa wimbi uliofungwa kwenye mifuko mitatu asije akaukosa uji. Kuona wajukuu kukageuka kuwa kulea. Kaka na mkewe walifanya kazi za zamu, huyu akitoka yule anaingia, na Mama akabaki na watoto wawili wachanga katika nyumba ambayo madirisha yake, alivyotuambia, hayakufunguliwa kwa sababu ya baridi. Alikuwa na umri wa kupumzika. Kama ni mtu baki angelipwa. Yeye aliambiwa ni baraka.

Huko ndiko alikoanza kuandika. Kabla ya kuondoka alimfungulia Baba anwani ya barua pepe kwenye kompyuta ile ya mezani, akachagua neno la siri yeye mwenyewe, akaweka namba yake ya simu kuwa ya dharura kwa sababu Baba alikuwa na simu ya kabambe ambayo alijua kupiga na kupokea tu. Mama naye alikuwa mwalimu. Aliandika kama walimu wa zamani, kwa aya na nukta mahali pake, lakini kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani ambayo hatukuwahi kumwona akiiandika. Kila barua ilianza hivi: "Mwalimu, bwakire." Ndivyo alivyomsalimu kila asubuhi tangu tukiwa wadogo.

Baba alinisomea baadhi. Mama aliuliza kama ng'ombe amezaa na akaonya ndama asiuzwe. Alieleza theluji kama pamba inayoanguka kutoka kwa mtu asiyejali usafi. Aliandika kwamba pacha mmoja anacheka kama marehemu nyanya yetu. Barua nyingine Baba hakunisomea, alizisoma kimya, akikunja midomo, kisha akasema tu, "Mama yako amechoka." Nilipomwambia nizichapishe kule ofisini kwetu mjini Kisii, alikataa. Panya walishawahi kumlia vyeti na picha za harusi. "Hapa ziko salama," alisema, akaigonga skrini kwa ukucha.

Mama alirudi amekonda, na ugonjwa uliokuwa umemwanza kimyakimya ukajitokeza wazi. Hakukaa nasi muda mrefu.

Kaka alikuja kumzika. Alikuja na sanduku kubwa na sauti iliyobadilika, akasimama mbele ya waombolezaji akaeleza jinsi Mama alivyofurahia maisha ya Marekani. Siku zile za matanga nyumba ilijaa vijana wa ukoo, na mechi za mpira zilikuwa zinachezwa Ulaya. Kaka aliketi kwenye kompyuta ya Baba akaanza kuipakia vitu: kijiprogramu cha kutazamia mpira bure, kingine cha kupakua filamu, kingine cha kuzuia matangazo ambacho kilileta matangazo zaidi. Kila ukurasa ulipouliza kama unaruhusiwa kutuma taarifa, alibofya ndiyo. "Mmeishi na hii kitu kama wakale," alisema, na vijana wakacheka. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, akipokea pole za watu.

Ni baada ya matanga hayo ndipo kompyuta ilipoanza kuburuta miguu. Naieleza kwa mpangilio huu kwa sababu katika familia yetu mpangilio huu umesahaulika.

Mwaka jana Kaka alikuwa anahitimu shahada yake ya pili. Alitaka Baba aketi mbele ya kamera na ukoo wote nyuma yake, wamtazame akiwa kwenye joho, moja kwa moja. Tulifanya jaribio Jumamosi moja baada ya ibada ya Sabato. Uso wa Kaka ulitokea, ukaganda mdomo wazi, ukapotea, ukarudi bila sauti. Mara kwenye kona ya chini ya skrini likaruka tangazo kwamba Baba ameshinda gari. Kaka alinipigia simu akiwa amekasirika.

"Hiyo kompyuta mmeifanya nini?"

"Hatujaifanya kitu, Kaka. Imekuwa hivyo tangu ulipoondoka."

"Kesho kaa nayo, nikuelekeze. Siwezi kuaibika mbele ya watu siku hiyo."

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili. Kutwa nzima niko kwenye kompyuta, na mashine za ofisini zikizubaa ni mimi ninayeitwa kwanza. Jumapili ile nilitoka Kisii mapema, boda boda ikanishusha sokoni Ekerenyo, nikatembea hadi nyumbani nikiwa tayari najua nitaanzia wapi. Kaka alipopiga nilimwambia, "Nataka kwanza niondoe zile programu za nyongeza. Naona zimejaa kwenye kivinjari, na ndizo zinazokula nguvu."

"Acha kujifanya fundi," alisema. "Hizo hazina shida. Shida ni uchafu uliorundikana. Fungua mipangilio. Tafuta palipoandikwa kufuta data."

Baba alikuwa ameketi kando yangu amevaa miwani yake, akifuata kila neno kwa sababu nilikuwa nimeweka simu kwa spika. Alipoisikia sauti ya mwanawe alitabasamu na kuvuta kiti karibu zaidi.

Nilifungua. Orodha ikatokea na visanduku vyake: historia, faili za akiba, vidakuzi vinavyoitambulisha mashine kwa kurasa, maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Nikasita.

"Kaka, hapa pana maneno ya siri. Hayo nayo?"

"Tia tiki zote."

"Na kama Baba hakumbuki la kwake?"

"Wewe sista, nimesoma hii kitu miaka mingapi? Tia tiki zote, chagua tangu mwanzo, bonyeza. Nina zamu, usinicheleweshe."

Nilimtazama Baba. Alitikisa kichwa kukubali. "Fanya anavyosema," akaniambia. "Yeye ndiye anajua."

Nikabonyeza.

Tukaifunga mashine na kuiwasha upya. Sitadanganya: ilifunguka kwa wepesi ambao hatukuwa tumeuona tangu Mama afe. Kurasa zote zilizokuwa zimeachwa wazi kwa miezi zilikuwa zimetoweka. Nilibofya gazeti, likaja. Baba aliangua kicheko, akapiga paja lake. Kaka alisikia akasema, "Mnaona?" akakata simu aende kazini.

"Nifungulie barua," Baba akasema.

Ukurasa ukaja mara moja. Ulikuwa safi, mweupe, ukiuliza anwani. Anwani aliikumbuka, akaiandika kwa kidole kimoja. Kisha ukauliza neno la siri.

Baba aliniangalia. Mimi nilimwangalia yeye.

Tulijaribu jina la Mama. Tukajaribu majina yetu, jina la shule, jina la mto ulio chini ya shamba, jina la ng'ombe. Baba alikumbuka kwamba Mama alipenda zaburi moja, tukaandika namba zake kwa kila namna. Kila jaribio lilirudi na maandishi mekundu. Tulipojaribu njia ya dharura, ukurasa ulituambia kwamba haukitambui kifaa hiki. Kompyuta iliyokuwa imezifungua barua zile kila asubuhi kwa miaka sasa ilihesabiwa ngeni, kwa sababu alama zote za kuitambulisha tulikuwa tumezifuta kwa mkono wetu. Njia iliyobaki ilikuwa kutuma tarakimu kwenye simu ya Mama.

Sisi hatukuwa tumeitumia laini ile tangu azikwe. Nilibofya ruhusa ya kutuma, kisha nikaipiga namba hiyo kwa simu yangu, bila kutarajia chochote.

Ikaita. Baba akashika ukingo wa meza.

"Haloo, nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, na nyuma yake mashine ya kusaga ikinguruma.

"Habari yako, ndugu. Samahani kwa usumbufu. Namba hii ilikuwa ya mama yangu. Alifariki."

"Pole. Lakini hii ni laini yangu, nimeinunua Mombasa."

"Najua, kampuni huziuza tena laini zilizolala, sikulaumu. Ni kwamba meseji imeingia kwako sasa hivi, ina tarakimu. Ni za kufungulia barua alizoandika mama yetu. Tafadhali nisomee."

Akacheka kicheko kikavu.

"Nyinyi watu hamchoki? Juzi mlikuwa benki. Jana nimeshinda zawadi. Leo mmekuwa mama aliyefariki?"

"Ndugu, naapa..."

Baba aliichukua simu mkononi mwangu. Aliongea Kiswahili chake cha darasani, polepole, kila neno likisimama peke yake. "Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Mke wangu aliniandikia barua. Sina nakala nyingine. Nakuomba kama baba yako."

"Mzee," yule mtu akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa, hata ilikuwa na huruma, "hata wewe wamekuingiza kwa hii kazi? Na uzee wako? Aibu."

Akakata. Tulipopiga tena hakupokea. Kesho yake nilimpigia kwa simu ya mwenzangu wa ofisini, akaniambia akisikia sauti yangu mara nyingine ataenda polisi. Simlaumu. Ningekuwa yeye, na meseji kama ile mkononi, ningefanya vivyo hivyo. Hasira yangu niliihifadhi kwa mtu mwingine.

Nilimpigia Kaka jioni ya Jumapili ile ile. Nilimweleza yote. Upande wa pili nilisikia mlango wa gari ukifungwa.

"Sasa hamkuandika password mahali?"

"Kaka, nilikuuliza. Nilikuuliza waziwazi."

"Uliniuliza habari ya kompyuta. Hukuniambia kuna barua."

"Hukujua mama yako aliandika barua? Aliziandikia kwako, kwenye meza yako."

"Usinipandishie sauti."

Nilivuta pumzi, maana bado nilikuwa na tumaini moja. Barua huwa na pande mbili. Zilizofika kwa Baba zilitoka kwa Mama, na nakala zilipaswa kuwa kwenye anwani yake, ile aliyoitumia nyumbani kwa Kaka. Nilimwuliza kama bado anaweza kuifungua.

"Ile niliifunga baada ya mazishi," alisema. "Ilikuwa inajaa matangazo tu."

"Uliifunga bila kusoma?"

"Ningesoma nini? Mambo yao ya kizee."

Nilikata simu kwa sababu nilichokuwa karibu kukisema kisingerudishwa. Baba alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani. Aliuliza tu kama Kaka amekula.

Wiki hiyo haikuisha kabla kompyuta haijaanza kuburuta tena. Nilirudi Ekerenyo, safari hii bila kumpigia mtu. Nilifungua sehemu ya programu za nyongeza, nikaziondoa moja moja, zile za mpira, za filamu, za kuzuia matangazo, kila moja ikiuliza kama nina uhakika. Nilizima ruhusa za taarifa kwa kurasa zote ambazo Kaka alizikaribisha siku za matanga. Nilizuia programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe mashine inapoamka. Ni kazi iliyonichukua muda wa kikombe cha chai. Mashine ikakimbia, na haijazubaa tena hadi leo. Hakuna barua hata moja iliyohitaji kuguswa. Hakuna neno la siri lililokuwa linazuia chochote. Vilikuwa ni vile vitu vya Kaka, basi.

Nilimwambia Baba. Nilitaka ajue. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Usimwambie," alisema. "Ataumia."

Hilo bado linanichoma kuliko yote. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki, ninayepanga foleni ya dawa, ninayekwenda soko la Daraja Mbili kumtafutia sweta la mtumba linalomtosha mabega. Ila wa kuhurumiwa akawa yule wa mbali.

Siku ya mahafali, sebule ilijaa. Baba mdogo alikuja kutoka Magwagwa na wake wa majirani wakapika kuku. Tulipanga viti kwa mistari kama kanisani, Baba akawekwa mbele, amevaa koti analovalia harusi za watu. Picha ilikuja safi kabisa. Ungeweza kuhesabu vifungo vya joho la Kaka. Wanawake walipiga vigelegele. Kaka alipunga mkono, akawatambua watu mmoja mmoja, akapokea hongera. Kisha akasema, "Na mnaona picha ilivyo nzuri? Hiyo kompyuta niliitengeneza mimi kutoka huku, kwa simu tu." Watu wakapiga makofi. Baba mdogo akasema kwa sauti kwamba kusoma ni kusoma. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la soda. Niliendelea kuzigawa kwa waliokuwa wakipiga makofi.

Baba aliombwa atoe neno la baraka. Alisimama, akaikaribia kamera mno hadi bila shaka kule waliona paji la uso tu.

"Mwanangu, hongera. Mungu amekuinua," alisema. "Barua za mama yako zimepotea. Zote."

Nilimtazama Kaka usoni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa ule wepesi, kwa sababu hakuna kilichojificha. Macho yake yalishuka. Kofia yake ya mahafali iliinama kidogo.

"Baba?" akasema. "Baba, mmeganda. Siwasikii."

Hatukuwa tumeganda. Nyuma yake pacha walikuwa wamesimama na maputo, na mmoja wao, kwa Kiingereza chao cha huko, akamwambia baba yake kwamba yeye anamsikia babu vizuri tu.

Kaka alinyoosha mkono, na skrini ikawa nyeusi.

"Mtandao wa huku Nyamira," baba mdogo akasema akitikisa kichwa. "Ni shida tupu." Na wote wakakubaliana naye, wakageukia kuku.

Tangu siku hiyo Kaka na mimi tunaongea kwenye kundi la familia pekee, pale ambapo watu wote wanaona. Anatuma picha za watoto na aya za Biblia. Mimi naandika amina. Hajawahi kutaja barua. Amesema ataleta kompyuta mpya kwa mtu anayekuja likizo, na shangazi zangu wamemsifu kwa moyo wake wa kutoa.

Miezi michache iliyopita Baba aliniita nikamkuta ameshawasha mashine. Alitaka niandike, yeye aseme. Alisema bado anazikumbuka barua, angalau zile za mwanzo, na kwamba tukiziandika upesi hazitatoka kichwani. Nikaweka vidole kwenye kibodi. Akafumba macho, akaanza kwa Ekegusii, na mwanzo ulikwenda vizuri: salamu, theluji, ndama, mtoto anayecheka kama nyanya. Nilikuwa naisikia sauti ya Mama kabisa. Kisha akasita. Akasema sentensi, akaibadilisha, akairudia ya kwanza. Akaniuliza kama Mama angetumia neno hili au lile, na mimi sikujua, kwa sababu sehemu hiyo hakuwahi kunisomea.

Akaniomba nimsomee tulipofika. Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake juu ya magoti.

"Hapana," alisema. "Hivyo sivyo alivyoandika. Hayo ni maneno yangu mimi."

Nilimwambia tujaribu tena kesho, kwamba huenda yakarudi. Akasema ndiyo, kesho. Nilikuja wikendi iliyofuata, na nyingine baada yake, nikamuuliza kila mara kama tuendelee. Huwa anasema ng'ombe hajakamuliwa, au kuna majani ya chai ya kupeleka kwenye kituo cha ununuzi, kisha anachukua kofia yake anatoka.